Maji Mageni Hulala Jikoni

Baba,

Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote nimejikuta nimeandika, "Mama, mwambie Baba." Karatasi mbili nimechana. Ya tatu nimefuta tu, kwa sababu daftari ni la Mokaya na ameanza kuniangalia vibaya. Miaka sita nimekuwa mke wa mwanao na sijawahi kukuambia neno uso kwa uso. Salamu zangu zilipitia kwa Mama. Chai yako ilipitia kwa Mama. Hata siku ile nyoka alipoingia kwenye karakana yako na mimi ndiye niliyemwona, nilikimbia hadi shambani kumtafuta Mama ili aje akuambie, na wewe ulikuwa umesimama hatua tano kutoka kwangu na msumeno mkononi. Mokaya hucheka mpaka leo akimkumbuka nyoka yule. Lakini ndiyo chinsoni, ile heshima yetu Wakisii kati ya baba na mke wa mwanawe, na hata huku Kericho tulikofuata kazi ya majani chai, mimi sikuwa mtu wa kuivunja.

Sasa umelala kule nyumbani Kisii, na Mama hawezi tena kukufikishia maneno yangu. Kwa hivyo nitasema mwenyewe. Ukiona nimekosa adabu unisamehe, huku sina wa kumtuma.

Najua swali lako la kwanza ni la maji. Nitafika huko. Kwanza kuna jambo ambalo sikuwahi kuliombea msamaha, na limenikaa kifuani tangu wiki yangu ya pili kwenu.

Unakumbuka nilivyokuja. Mokaya alikuwa hajapewa nyumba ya mwalimu kule Kabianga, nikaletwa kwenu, kwenye ile nyumba ya kampuni uliyopewa kwa sababu ya useremala wako, nikae na Mama miezi miwili. Bibi arusi apike na mama mkwe, ajulikane ni mtu wa namna gani. Nililala jikoni, ile nyumba ndogo ya nyuma, mimi na sanduku langu na kuku wa Mama. Sebuleni niliingia ukishaenda kazini. Na siku ya kwanza nilipoingia nililiona tangi.

Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile ndani ya nyumba ya mtu mweusi. Fremu ya chuma uliyoungiwa na fundi wa kiwanda, vioo vilivyobaki ulipobadilisha madirisha ya ofisi, na puti ya kuzibia pembe. Ndani, majani ya maji uliyoyatoa kwenye kinamasi huko Soin ulipoteremka kutafuta mbao, na samaki tisa wadogo wa mto wenye mstari mweusi ubavuni. Uliliona la kwanza kwa meneja mmoja ulipoenda kumtengenezea rafu, ukarudi nyumbani ukapima sebule. Hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo mimi niliona maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa, kioo chenye utando wa kijani nyuma, na mchanga uliojaa uchafu mweusi. Nikasema moyoni, maskini, nyumba hii haijapata mtu wa kufanya kazi.

Ikafika Ijumaa. Kwetu sisi watu wa Sabato Ijumaa ni siku ya matayarisho, hakuna kikombe kinachoachwa bila kuoshwa, na kesho yake akina mama wa kanisa walikuwa waje kumwona bibi arusi. Mama alikwenda sokoni. Mimi nikakunja mikono ya sweta. Nilitoa maji yote kwa jagi, mpaka tone la mwisho. Samaki nikawaweka kwenye karai. Majani nikayang'oa na kuyaosha mizizi. Mchanga niliuosha kwa sabuni mara nne nikauanika juani juu ya gunia, mawe nikayasugua kwa stili wulu, kioo nikakipiga majivu mpaka kikalia. Halafu nikajaza maji ya mfereji, baridi, yananuka dawa ya kampuni. Baba, liling'aa. Ungeweza kusoma kalenda ya ukutani kupitia tangi. Nilisimama hapo nikajisifu kwa sauti, kuku ndio mashahidi wangu.

Asubuhi ya Sabato samaki sita walikuwa wanaelea. Akina mama walipofika baada ya ibada walisifu kioo kweli kweli, na mmoja akauliza kwa upole mbona hawa samaki wanalala chali. Jioni alibaki mmoja, yule mwenye mkia uliopasuka.

Usiku ule sikulala, nilikunja nguo zangu nikaziweka kwenye sanduku, nikijua kesho Mama ataambiwa anirudishe kwetu. Jumapili asubuhi nilikuwa nafagia chini ya dirisha la sebule, nikasikia umelikaribia tangi. Ukaanza kuzungumza na yule samaki mmoja, kwa sauti ambayo hata jirani angesikia.

"Pole, mzee. Mtu mwema amekuosha. Hakujua ule uchafu wa kwa mchanga ndio unakula uchafu wako wewe. Ndio jiko, ndio choo. Sasa umebaki kwa nyumba safi, na haina jiko wala choo. Lakini mtu wa kujituma hivyo, akifundishwa, anaweza."

Nilisimama na ufagio nikalia. Kisha nikarudi jikoni nikazitoa nguo kwenye sanduku. Kuomba msamaha sikuweza, kwa sababu kuomba msamaha ni kuzungumza na wewe. Basi leo nasema. Nisamehe, Baba, kwa wale wanane. Nilitaka tu nionekane ninafaa.

Ndivyo ulivyonifundisha miaka sita, kupitia kwa samaki. Mimi nikiwa na swali nilimwuliza Mama, nikihakikisha uko kibarazani na randa yako. "Mama, sijui maji haya yakitolewa nusu itakuwa vibaya?" Na Mama, ambaye hakuwahi kulipenda lile tangi hata siku moja, alikuwa hata hainui macho kwenye mboga. Jibu lilitoka nje, likipita juu ya kichwa chake. "Samaki, nusu ni nyingi. Tangi ni madebe sita. Debe moja kila Ijumaa, yatosha." Halafu randa inaendelea.

Ulinifundisha kuvuta maji kwa mpira, na siku ya kwanza nikayameza, ukamwambia samaki kwamba kuna watu wanapenda supu. Ulinifundisha kukata ncha za majani yakifika juu ya maji, kama tunavyochuma chai: usipochuma, mti unazeeka. Ulinifundisha kufunga pazia hadi nusu jua la Januari likiwa kali, kwa sababu mwanga ukizidi ule utando wa kijani ndio unaofaidi, na Julai, baridi ikishuka, kulivika tangi blanketi kila jioni. Mama alilalamika kwamba yeye hajawahi kufunikwa blanketi na mtu.

Na kulikuwa na hili la maji mageni. Maji ya mfereji hayaingii tangini siku yanapotekwa. Yawekwe kwenye debe, debe liwekwe jikoni karibu na moto, yalale hapo mpaka dawa itoke na baridi ipungue. "Maji mageni hulala jikoni kwanza," ulimwambia samaki, "yazoee nyumba, ndiyo yaingie sebuleni." Jikoni nililala mimi. Debe lilikuwa hatua moja kutoka kwa kichwa changu. Nililitazama usiku ule nikaelewa kwamba si maji tu uliyokuwa ukiyasema, nikacheka peke yangu gizani mpaka kuku wakaamka.

Mokaya alipopata nyumba Kabianga nilihama, lakini Ijumaa nilirudi. Mwendo wa saa moja kwa miguu katikati ya majani chai, nafika saa nane mchana, natoa debe moja, natia debe moja, naosha vyombo vya Mama, tunangoja jua lizame tuimbe. Watu walidhani namfuata Mama. Mama mwenyewe alijua.

Rafiki yako Mzee Koech, yule Mkipsigis wa ng'ombe aliyetuletea maziwa, hakuacha kukutania. Kwao wazee wa zamani samaki si chakula, ni nyoka wa maji. "Wewe hauna hata ng'ombe moja na unafuga nyoka kwa nyumba," alikuwa anasema, akiwa ameinama kabisa, pua imegusa kioo. "Ng'ombe ukiangalia inakupatia maziwa. Hii inakupatia nini?" Na wewe ulikuwa unamjibu kwamba inakupatia mtu wa kukuletea maziwa kila siku ili aje kuiangalia.

Halafu Mokaya akaleta kitabu chake. Unajua mwanao akisoma kitu. Kitabu kilisema majani yanakula uchafu wa samaki na kuwapa hewa, samaki wanayalisha majani, na tangi likishapata usawa wake halihitaji kubadilishwa maji tena. Mimi nilikasirika, nikaona ananinyang'anya Ijumaa zangu. Wewe hukukasirika. Ulisema tujaribu. Miezi mitatu hatukugusa isipokuwa kuongeza yale yaliyokauka. Na kweli maji yalikuwa safi, yanang'aa, Mokaya akatembea kifua mbele. Lakini majani mapya yakaanza kutoka madogo na ya manjano, na magamba ya konokono waliokuja na majani yakawa meupe, yanamomonyoka kama chokaa. Samaki walikuwa wanaishi, ila hawakuwa wanacheza.

"Kitabu cha Mokaya hakijadanganya," ulimwambia yule wa mkia uliopasuka. "Majani na samaki wanafanya kazi yao. Kimesahau tu kwamba huko walikotoka kuna mto unapita. Hapa hakuna mto. Hapa mto ni mtu na debe lake." Ijumaa iliyofuata nilitembea ule mwendo wa saa moja kwa dakika arobaini.

Baba, naandika haya na nacheka, halafu nakumbuka hayupo wa kuyasikia. Niache nipumzike kidogo.

Nimerudi. Nataka kusema habari ya mvua, kwa sababu inaniuma kuliko ile ya samaki wanane. Mwaka jana mvua ya El Niño ilipokuja haikukatika, barabara zikawa uji. Ulikuja Kabianga kututazama, umevaa koti la mpira la kampuni. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, tunajua wote, na wewe hukuwahi kuvuka kizingiti changu tangu nilipohamia. Ulikuwa unakaa kwenye kigoda nje, ukutani, unakunywa chai, unauliza habari, unaondoka. Siku hiyo mvua ilikuwa inapigwa na upepo hadi ukutani. Nilikuwa ndani, mahali pakavu, moto unawaka, nasikia matone yanakupiga mabegani. Chai niliijaza mara tatu kumpa Mokaya akuletee, kwa sababu hicho tu ndicho nilichoweza. Ulikunywa vikombe vyote vitatu. Ulipoondoka, kigoda kilikuwa kimelowa kote isipokuwa pale ulipokalia. Nilipagusa. Palikuwa na joto bado.

Ni siku hiyo pia ulimwuliza Mokaya dirisha letu la sebuleni linaanzia urefu gani kutoka sakafuni. Akapima kwa rula ya shule. Nilidhani Mama anataka kutushonea pazia la zawadi, nikasahau.

Baada ya mvua stendi ya tangi ilikuwa imeoza miguu. Ukatengeneza mpya ya mbao za saiprasi, ukaipiga vanishi mara tatu. Siku ya kuhamisha ulikaa kwenye kiti na kusimamia, Mokaya na Koech ndio walioinua, na kila hatua ulimweleza samaki, polepole, kama anayempa mtu imla. Toa madebe manne, yaweke, usiyamwage, hayo ndiyo maji yenye kujua nyumba. Majani yafunike kwa gazeti lililolowa. Mchanga usiguswe, ubaki na maji yake vidole vinne. Ulimalizia kwa kusema, "Angalia vizuri, mzee. Siku nyingine ukihamishwa mimi sitakuwepo." Mama akakuambia uache maneno hayo. Mimi niliyameza yote.

Kisha presha. Ulianguka karakanani asubuhi, ukakaa hospitali siku tatu. Siku ya pili nilikuja na uji, nikasimama mlangoni mwa wodi, sikukaribia kitanda, nikampa Mama chupa. Ulikuwa umegeukia dirisha. Sauti yako ilikuwa imepungua. Hapakuwa na samaki pale wa kumwambia, ukauambia ukuta: "Ijumaa nani ataangalia maji?"

Nikasema, "Mama, maji yataangaliwa." Hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyopita kati yetu, na hayakupita moja kwa moja.

Tulikupeleka Kisii, tukakaa matanga wiki mbili na siku moja. Tulimwachia Koech tangi na ufunguo wa nyumba. Nilimwomba asilishe, kwa sababu chakula kikizidi kinaoza na maji yanaoza nacho. Mama alishawahi kuwapa ugali wakakaribia kufa. Nilirudi mbio, nimejiandaa kwa lolote. Maji yalikuwa yamepungua vidole vitatu, basi. Majani yamekua, samaki wote kumi na wanne, wale uliowaongeza kutoka mtoni na watoto wao, wakakimbilia kioo waliponiona, na wa mkia uliopasuka nyuma yao, pole pole, kwa sababu sasa ni mzee wa kweli. Koech alisema, "Mimi nilikuwa nakuja tu nakaa. Sikuguza kitu." Wiki mbili bila mtu, na walikuwa wazima. Nilifurahi, Baba, halafu nikakasirika. Nilitaka hata kitu kimoja kiwe kimeshindwa kuendelea bila wewe.

Nyumba ya kampuni ilitakiwa irudishwe mwisho wa mwezi, ndiyo kawaida, apewe seremala mwingine. Omwenga, mwanao mkubwa, akaja kugawa vitu. Usimkasirikie, alifanya kwa haki. Mama anarudi kukaa Kisii na nyumba yake kule haina madirisha ya jikoni, ni mbao tu. Omwenga akalitazama tangi akasema vioo hivyo vinatosha madirisha mawili, maji yamwagwe, samaki wapelekwe bwawani. Alisema kwa upole, na alikuwa anasema kweli. Mokaya akaniangalia.

Ungekuwepo ungeona nilivyosimama pale na kikapu cha vikombe. Mke wa mwana haombi kitu cha baba mkwe. Ningesema nini? Kwamba ni changu kwa sababu nimeyavuta maji yake kwa mdomo miaka sita? Kwamba uliuambia ukuta wa hospitali? Nikaendelea kufungia vikombe gazeti, na vingine nikavifunga mara mbili bila kujua.

Omwenga alileta karai. Lakini kabla ya kuchota alitaka kuona kama stendi inafunguka skrubu, ili iingie kwenye pikapu. Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini yake, akawasha kiberiti. Akakaa huko kidogo. Njiti ikamwunguza kidole, akawasha nyingine.

Wewe hukuwa na daftari la oda. Kila seremala wa Kericho anajua mtindo wako: mwenye kitu unamwandika kwa penseli chini ya kitu chenyewe, mahali pasipoonekana. Chini ya kabati la Mama kuna jina la Mama. Chini ya viti vya kanisa umeandika kanisa. Omwenga ni mwana wa seremala, hakuhitaji kuelezwa.

Alitoka kule chini na vumbi kichwani akasema, "Hii ni oda ya Kemunto."

Mama alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Mimi niliweka kikapu chini nikaenda nikapiga magoti mwenyewe. KEMUNTO, herufi kubwa, penseli yako nene, na chini yake urefu wa dirisha langu.

Miaka sita hukuwahi kulitamka jina langu. Nilikuwa "mtu", nilikuwa "mtu wa debe", nilikuwa "wale wa Kabianga". Nilidhani hata hulijui vizuri. Nilikaa chini ya stendi ile mpaka Mokaya akaja kunishika bega.

Omwenga akarudisha karai jikoni. Vioo vya Mama, Mokaya ameahidi kuvinunua mwezi ujao, na atanunua, nitamkumbusha.

Tulilihamisha tangi hadi Kabianga Jumapili. Koech alileta mikebe yake ya maziwa, minne, na nilimsimamia aisuuze kwa maji ya moto bila sabuni mpaka akasema mimi ni mbaya kuliko wewe. Alisema, "Maziwa imesafiri na hii miaka mingi na haikuharibika. Hata nyoka yako itafika." Maji yenye kujua nyumba yakaenda kwenye mikebe, samaki kwenye ndoo yenye kifuniko, majani kwenye gazeti, mchanga vidole vinne chini ya maji. Pikapu ya Omwenga ilienda mwendo wa kobe, nami nyuma nimelikumbatia tangi, na nikiona shimo mbele napiga bati la pikapu apunguze mwendo.

Stendi ilisimama chini ya dirisha letu sawasawa, hakuna kidole kilichozidi wala kupungua. Omwenga alipapasa ukingo akatikisa kichwa.

Siku ya pili maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa. Nilidhani ni mikebe, nikamlaani Koech, kumbe haikuwa mikebe. Ulishasema kwamba ukilihamisha tangi linashtuka. Mikono iliniwasha, Baba. Yule Kemunto wa wiki ya pili aliamka, akataka kumwaga yote na kuanza upya. Nilikwenda nikakaa nje kwenye kigoda chako ili mikono yangu iwe mbali. Ijumaa nikatoa debe moja tu, nikatia debe moja lililolala jikoni. Sikulala vizuri siku nne. Wadogo wawili walikufa na nimewazika chini ya kahawa. Siku ya tisa niliamka, jua lilikuwa linaingia dirishani, na kwenye majani ya Soin kulikuwa na matone madogo ya hewa, yanapanda moja moja. Mzee wa mkia uliopasuka alikuwa katikati yao. Maji yalikuwa na rangi yake, chai isiyo na maziwa. Ndiyo maana naandika leo. Sikutaka kukuandikia kabla sijajua.

Jana niliwaambia samaki habari za Mama, kwamba anakula vizuri na anagombana na majirani, kwa hivyo ni mzima. Niligundua nazungumza nao kwa sauti kubwa, kama wewe, na Mokaya alikuwa mlangoni. Hakucheka.

Naahidi debe moja kila Ijumaa, si zaidi, hata nikiwa na hasira, hata wageni wakija. Atakayekuja baada yangu naye nitamfundisha, na kama ni mtu ninayeruhusiwa kuzungumza naye, nitamtazama machoni nikimfundisha, unisamehe kwa hilo.

Lala salama, Baba. Jioni hii imeanza kunyesha, ile ya upepo inayopiga ukuta wa mbele, na kigoda chako kimelowa kote. Nimekitazama kutoka dirishani, halafu nikageuka nikatazama maji yako ya Ijumaa, yametulia kwenye debe karibu na moto. Mwaka jana sikuweza kukuambia neno hili. Karibu ndani.

Ni mimi mwenye oda,
Kemunto